Nusu siku katika jumba la mfalme wa Gede

Mgeni akija Malindi, Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili, huwa miongoni mwa mahali pa kwanza anapotajiwa, lakini wengi hupelekwa kwa haraka: huingia, hupigwa picha chini ya mlango wa jumba la mfalme, huwatazama kima wakiruka juu ya kuta, kisha hutoka kwenda kula samaki Watamu. Mimi naamini jumba lile linastahili asubuhi nzima, pamoja na mwongozaji anayeijua kazi yake, na ikiwezekana pamoja na mzee aliyelelewa katika nyumba ya mawe. Vyote hivyo vilikutana siku nilipompeleka Mama Mkubwa, dada yake mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Lamu, na niliyoyajifunza asubuhi ile yamebadili namna ninavyoyatazama magofu ya pwani yetu.

Mama Mkubwa amezaliwa Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, katika nyumba yenye daka (baraza ya mlangoni), tekani (ukumbi mdogo wa kuingilia), kiwanda (ua wa ndani) na misana (vyumba virefu vya mbele), na ingawa sasa anaishi na wanawe katika mtaa wa Langoni katika nyumba ya kisasa, kila pembe ya nyumba ile ya zamani bado anaijua kwa jina lake na kwa kazi yake. Nilimchagulia Gede kwa sababu nilijua hachoki kusikiliza habari za watu wa kale, lakini sikutarajia kwamba yeye ndiye angekuwa mwalimu wa pili wa safari ile.

Kwa asiyepafahamu, Gede iko takriban kilomita 15 kusini mwa mji wa Malindi, kando ya njia ya kwenda Watamu, ndani ya kipande cha msitu wa asili uliozungukwa na mashamba na nyumba za watu. Haiko ufukweni, jambo linalowashangaza wengi, bali iko bara kidogo, upande wa mkono wa bahari wa Mida. Mji wenyewe ulianza kati ya karne ya 11 na ya 13, ukastawi sana katika karne ya 15, na ukaachwa kabisa mwanzoni mwa karne ya 17. John Kirk, balozi wa Uingereza huko Zanzibar, alifika mwaka 1884. Mwaka 1927 serikali ikaitangaza kuwa mahali pa kihistoria. Na kuanzia mwaka 1948 hadi 1958 mwanaakiolojia James Kirkman aliufyeka msitu juu ya majengo makuu na kuyachimbua. Mwezi Julai 2024, UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa mwaka 2001, kwa hiyo Mama Mkubwa alikuwa anatoka katika urithi mmoja wa dunia kwenda kuutazama mwingine, na jambo hilo lilimfurahisha alipoambiwa.

Tuliondoka nyumbani mara tu baada ya chai ya asubuhi. Tulikodi tuktuk kwenda na kurudi, maana kupanda na kushuka matatu kunamchosha mzee, na kutoka njia panda ya Gede hadi langoni ni mwendo ambao kijana hauhisi lakini mwenye magoti yanayouma huuhisi vizuri. Anayepanga safari ya namna hii na mzee namshauri awahi, kwa sababu ikifika saa tano joto la msituni huwa zito na halina upepo. Viatu viwe vya kisigino kifupi, maana njia ina mizizi na mawe ya matumbawe yaliyochomoza. Kitambulisho kisisahaulike, kwa kuwa kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni.

Langoni tulimpata mwongozaji, kijana Mgiriama aliyezaliwa katika kijiji cha karibu. Kabla hajaanza maelezo yake ya kila siku, aliuliza tunataka kusikia nini hasa, na swali hilo lilinipa imani naye papo hapo. Mama Mkubwa alimjibu kwa Kiamu chake: "Nataka kuyua wenyewe walikaa vipi, mwanangu." Mwongozaji alitabasamu, akasema, "Basi bibi, tutaanza na nyumba, makaburi na msikiti tutapitia baadaye," akageuza mpangilio wake mzima kwa ajili yetu. Nimeongozwa na watu wengi mahali pengi, na nimeona kwamba anayesoma habari kichwani kama kasuku hawezi kufanya hivyo. Kwa hiyo ni vizuri mtembezi aseme mapema anachokitafuta, badala ya kungoja mpaka mwisho ndipo aulize.

Jumba la mfalme, ambalo Waswahili wa wakati ule huenda waliliita jumba la shehe au la mwinyi wa mji, ndilo jengo kubwa kuliko yote ya kukaa watu. Mlango wake mkuu una tao lenye ncha juu, lililojengwa kwa matumbawe yaliyochongwa kwa ustadi, na huwezi kupita chini yake bila kupunguza sauti. Ukiingia unajikuta katika ua ulioshushwa chini kuliko vyumba vinavyouzunguka, ambao waliouchimbua waliuita ua wa mapokezi, na zaidi ya huo kuna ua mwingine unaodhaniwa kuwa ndipo mtawala alipokaa kusikiliza mashauri ya raia wake. Mwongozaji alituonyesha jinsi sakafu ya ua ilivyopangwa ili maji ya mvua yakusanyike na kunywewa na shimo lililotengenezwa makusudi, yasiingie vyumbani. Pande zote mbili za milango kulikuwa na vidaka vidogo vya kuwekea taa, na juu ukutani mlikuwa na safu ya matundu ambayo yanasemekana kuwa yalikuwa ya vigingi vya kutundikia mazulia.

Mama Mkubwa alisimama mbele ya kidaka kimoja kwa muda. Hakukigusa, kwa kuwa tulikuwa tumeombwa tusiguse lipu ya zamani, ila aliinua mkono wake ukawa sambamba nacho, akapima kwa bega lake. Kisha akasema kwamba kwao pia taa iliwekwa kimo hicho, kwa sababu ikiwa chini mtoto huivuta na ikiwa juu zaidi mwanamke hulazimika kupanda kitu ili aijaze mafuta. Mwongozaji alinyamaza kidogo. Alituambia kwamba amekuwa akiwaeleza wageni kuwa kidaka kile ni cha taa, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwa nini kiko pale kilipo na si chini wala juu yake. Kuanzia hapo mazungumzo yao yalikuwa ya watu wawili wanaofanya kazi pamoja, na mimi nilibaki kusikiliza na kuandika kwenye simu.

Vyumba vya Gede ni vyembamba na virefu, na sababu yake ni boriti. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa mti wa mkoko unaoweza kubeba uzito wa dari ya matumbawe na chokaa hauzidi sana mita mbili na nusu au tatu, kwa hiyo fundi aliweza kukirefusha chumba atakavyo lakini hakuweza kukitanua. Mwongozaji alikipita chumba kimoja kwa hatua chache kutoka ukuta hadi ukuta, akamwuliza Mama Mkubwa kama vyumba vya kwao vilikuwa hivyo. Alijibu kwamba ni hivyo hivyo, na kwamba fundi akija kubadilisha boriti iliyoliwa, kipimo cha kwanza alichouliza kilikuwa upana, na urefu aliuuliza baadaye. Mtu aliyezoea nyumba za bati na zege anaweza kuviona vyumba hivyo kuwa dalili ya ufinyu au umaskini, kumbe ni kipimo kilichowekwa na mkoko wenyewe, na kilimbana mfalme sawasawa na kilivyombana mfanyabiashara.

Tulipofika upande ambao mabango na vitabu vya watalii vinauita sehemu ya wanawake, ndipo Mama Mkubwa alipopinga. Mwongozaji alieleza kwa adabu kama alivyofundishwa, kwamba wake na masuria wa mfalme walikaa nyuma, mbali na macho ya watu. Mama Mkubwa hakukanusha kwamba wanawake walikaa ndani. Alichokataa ni ile sauti ya maelezo yenyewe, kana kwamba huko nyuma kulikuwa ni mahali pa kufungiwa. Alimweleza kwamba katika nyumba ya Lamu unavyozidi kuingia ndivyo unavyozidi kupanda daraja: mgeni wa kawaida huishia daka na tekani, mgeni wa heshima hupelekwa sabule, yaani chumba cha wageni, jamaa huingia hadi msanani, na ndani hasa, ambako ukuta wote umejaa zidaka na vyombo vya thamani, huingia wenyewe tu. Nyuma ya ndani kuna nyumba kati, ambamo watoto huzaliwa na maiti huoshwa. "Mwenye funguo ni mwanamke," alisema, "na hata mume akitaka kitu humwomba yeye." Kisha alirudi hadi kwenye ua, akaanza kutembea upya kutoka mbele kwenda nyuma, akionyesha kwa fimbo yake: hapa ndipo angeuweka msana, hapa ndani, na kile chumba kidogo cha nyuma kisicho na mwanga angekifanya nyumba kati.

Sidai kwamba jumba la Gede lilikuwa sawasawa na nyumba ya Mkomani. Nyumba nyingi za mawe zinazosimama Lamu leo ni za karne ya 18, ilhali Gede ilikuwa imekwisha kuachwa zaidi ya miaka mia moja kabla yake, na katika muda huo desturi hubadilika. Mwongozaji mwenyewe alilisema hilo, na Mama Mkubwa alikubali bila ubishi. Lakini mpangilio wa kutoka kwenye ua wazi kwenda kwenye chumba kirefu cha mbele, kisha kwenye vyumba vya faragha na vya akiba nyuma yake, unaonekana katika jumba na katika nyumba moja baada ya nyingine za mji ule. Kwa muda mrefu waandishi wa kigeni waliielezea miji hii kuwa ni kazi ya Waarabu au Waajemi waliohamia, na wanaakiolojia wa sasa wamekwisha kuonyesha kwamba ilijengwa na kukaliwa na Waswahili wenyewe, watu wa pwani hii waliofanya biashara na ng'ambo na kusilimu. Hoja hiyo nilikuwa nimeisoma. Kumwona mwanamke wa Lamu akitembea katika jumba lililoachwa miaka mia nne iliyopita, na kukisia bila ramani chumba kinachofuata ni cha nini, kulinisadikisha kuliko kurasa zote nilizozisoma.

Kuna chumba kimoja ambacho alishindwa kukieleza. Hakina mlango kabisa, na njia pekee ya kukiingia ilikuwa tundu lililo juu ukutani. Wanaakiolojia wanakiita chumba cha hazina. Mama Mkubwa alikizunguka, akakubaliana nao, akasema tu kwamba aliyekijenga alikuwa na kitu cha kuficha na alikuwa hamwamini mtu.

Jambo lililotuchukua muda mrefu zaidi lilikuwa maji. Gede imejaa visima, vingine ndani ya nyumba na vingine kando ya misikiti, na nyumba zake zina vyoo vyenye shimo refu, mahali pa kutawadhia na kikalio cha mtungi wa maji, mambo ambayo wageni wengi hutoka Ulaya kuja kuyastaajabia kwa kuwa wakati ule miji mingi ya kwao haikuwa na kitu cha namna ile. Kwenye Msikiti Mkuu, uliojengwa katika karne ya 15, kuna kisima, birika na mfereji wa kuleta maji mahali pa kutawadha. Mwongozaji alisimama kando ya birika akaeleza jinsi mtu alivyonawa kabla ya kuingia, na Mama Mkubwa akamwuliza kama walifuga samaki ndani yake. Kijana hakulielewa swali. Akaelezwa kwamba katika mabirika ya Lamu huwekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, na kwamba birika lisilo na samaki ni birika la homa. Samaki hawakuacha alama yoyote pale Gede, na hakuna awezaye kusema kama walikuwepo. Hata hivyo swali lile liliuonyesha mji kwa upande ambao bango haliwezi kuuonyesha, upande wa mtu anayeamka alfajiri, anachota maji, na kuhofia watoto wake wasiumwe na mbu.

Nikauliza kwa nini mji wenye maji ya namna hii uliachwa. Mwongozaji alitaja sababu ambazo wataalamu wamekuwa wakizijadili, na alitahadharisha kwamba hakuna moja inayotosha peke yake. Mwaka 1589 Wazimba, wapiganaji waliotoka pande za mto Zambezi, walipanda pwani wakiangamiza miji hadi walipofikia Malindi. Katika miaka ya 1590 Wareno waliihamishia Mombasa ngome yao kuu, na mtawala wa Malindi, rafiki yao tangu Vasco da Gama alipotia nanga mwaka 1498, akahamia huko pamoja nao, na biashara ya sehemu hizi ikafuata. Waoromo, ambao vitabu vya zamani huwaita Wagala, nao walikuwa wakisogea kutoka kaskazini. Zaidi ya hayo kuna dalili za maji yenyewe: kisima cha Msikiti Mkuu kiliongezwa kina, jambo linaloonyesha kwamba maji yalikuwa yakishuka ardhini.

Mama Mkubwa alilishika hilo la mwisho. Lamu yote hunywa maji yanayotoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na watu wa kisiwani wamekuwa wakipigania vilima hivyo visijengwe, kwa sababu mchanga ndio unaoyachuja na kuyahifadhi maji ya mvua, na ukiondolewa maji ya chumvi hupanda. Alisema kwamba vita humfukuza mtu akarudi baada ya mwaka, lakini kisima kikikauka au kikiingia chumvi hakuna anayerudi. Sijui kama wanaakiolojia watampa haki yote. Mimi nilimwona anazungumzia Gede na Lamu kwa wakati mmoja, na aliizungumzia Lamu kwa wasiwasi wa kweli.

Baada ya jumba na msikiti, mwongozaji alitupeleka mahali ambapo hapana kitu. Nasema hapana kitu kwa maana halisi: ni msitu tu, majani makavu na mizizi, kati ya ukuta wa ndani na ukuta wa nje wa mji. Kuta hizo zilizunguka eneo la ekari 45 hivi, na ule wa nje ulikuwa na kimo cha futi 9. Mawe ya matumbawe yalijengea nyumba za matajiri na misikiti, ila wakazi wengi wa Gede waliishi katika nyumba za udongo na makuti, na nyumba hizo zimerudi kuwa udongo. Mgeni huondoka akidhani kwamba mji ulikuwa wa wafalme na wafanyabiashara peke yao. Kijana yule, ambaye nyumba ya wazazi wake ilijengwa kwa udongo na makuti, huwasimamisha wageni wake hapo kila mara na kuwaomba watazame. Nilimheshimu sana kwa kituo hicho, ambacho hakimo katika ramani ya matembezi na hakina picha ya kupiga.

Hapo pia ndipo tulipoutazama msitu kwa makini. Wengine huuona kama kizuizi kinachoyaficha magofu, lakini mimi nauona kuwa ndio bustani ya jumba lile kwa sasa. Imo mibuyu mikubwa, mikwaju, na mifune yenye magome meupe inayopanda wima kabisa kuutafuta mwanga, na ukiwa na subira unaweza kumwona sange mwenye kiuno cha dhahabu akipekua majani makavu kwa pua yake ndefu. Mnyama huyu ni adimu, na makao yake makuu ni msitu wa Arabuko-Sokoke ulio jirani. Tatizo ni kwamba mizizi ileile inayotupa kivuli ndiyo inayozipasua kuta. Mwongozaji alituonyesha mti uliokaa juu ya ukuta, mizizi yake imeteremka pande zote mbili hadi ardhini na kuyakumbatia mawe. Akaeleza kwamba ukiukata, mizizi huoza na ukuta hulegea, na ukiuacha, huendelea kukua na kuusukuma. Kila mti unahitaji kuamuliwa peke yake. Tangu siku hiyo siwakubali wale wanaosema msitu wote ufyekwe ili majengo yaonekane vizuri, wala wale wanaosema usiguswe kabisa.

Kipande kile cha msitu kina wapenzi wa aina nyingine pia. Karibu na lango uko mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambao hununua pupa za vipepeo, yaani mabuu yaliyokwisha kujifunga tayari kugeuka vipepeo, kutoka kwa wakulima wanaoishi pembezoni mwa Arabuko-Sokoke na kuziuza ng'ambo kwa nyumba za maonyesho. Mwongozaji alisema wazi kwamba jirani anayepata senti kutokana na msitu ulio hai ni rahisi kumwomba asikate miti.

Makaburi tuliyapitia kwa muda mfupi, isipokuwa moja. Kaburi lenye tarehe lina maandishi yaliyochorwa katika lipu yanayotaja mwaka 802 wa Hijra, sawa na 1399, na ni moja kati ya vitu vichache mno mjini pale vinavyojitambulisha vyenyewe kwa maandishi. Mama Mkubwa alisimama hapo akamsomea mwenye kaburi Fatiha, taratibu, hadi mwisho. Mwongozaji alivua kofia yake, na watalii waliokuwa nyuma yetu, ingawa hawakuielewa lugha, walisimama kando wakangoja. Ninaamini hiyo ndiyo adabu inayofaa mahali pale. Watu huingia Gede wakiwa wamesimuliwa habari za mizimu na mji uliopotea, wakasahau kwamba waliozikwa pale ni Waislamu wenye haki ya kuombewa dua.

Jumba la makumbusho lililoko ndani ya uwanja linahitaji nusu saa ya mwisho, na ni bora liwe la mwisho, maana vitu vilivyomo vina maana zaidi baada ya kuziona nyumba vilikotoka. Kirkman alizipa nyumba nyingi majina kutokana na kilichopatikana ndani yake, ndiyo sababu iko Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Ushanga wa Venisi, Nyumba ya Bakuli la Kauri na nyinginezo. Mji ambao haukuwa hata na bandari yake mbele ya macho ulikuwa na vyombo vya China na vya nchi za Kiislamu, na hilo haliwezi kuwashangaza watu wa Malindi, ambao mtawala wao alimpeleka twiga kwa mfalme wa China mwaka 1415. Kinachonishangaza mimi ni kwamba Wareno walikaa Malindi karibu miaka mia moja, umbali wa mwendo wa nusu siku tu kwa miguu, na katika maandishi yao hawakuutaja mji huo.

Mambo machache nawaeleza sasa wote wanaoniuliza kuhusu matembezi hayo. Kima wasilishwe, hata kama wenye ndizi wapo langoni, kwa kuwa kima aliyezoea kulishwa hugeuka mnyang'anyi wa mifuko ya wazee na watoto. Mwongozaji alipwe vizuri na kwa mkono wake, tena aulizwe habari zake mwenyewe, si za mfalme tu. Na ukiwa na bibi, shangazi au mama mkubwa aliyelelewa katika nyumba ya mawe, iwe Lamu, Pate, Siyu au Mombasa, mchukue ungali naye, ukae kimya, uandike anayoyasema. Majina kama msana, tekani na sabule yanajulikana na watu wachache kila mwaka unaopita, na bila majina hayo vyumba vya Gede vitabaki kuitwa kwa namba.

Wakati wa kuagana, mwongozaji alitoa daftari akamwomba Mama Mkubwa amtajie tena vyumba kwa mpangilio wake, kutoka daka hadi nyumba kati, akayaandika yote. Jamaa waliokwenda baada yetu wameniambia kwamba sasa anapofika katika sehemu ile ya nyuma ya jumba huwaeleza wageni habari za mwenye funguo.

Mama Mkubwa ameniagiza kwamba zamu inayofuata ni yangu kwenda kwake, tuende Takwa katika kisiwa cha Manda, mji mwingine wa mawe ulioachwa katika karne ile ile ya 17. Tofauti yake na Gede ni kwamba Takwa ina wenyewe: watu wa Shela huhesabu asili yao huko na huvuka kwenda kuomba mvua kwenye kaburi lake la nguzo. Mashua huingia kwa mlango wa mikoko, na haiingii ila maji yakiwa yamejaa, kwa hiyo tunangoja siku ambayo maji yatajaa asubuhi, ili tupate kwenda na kurudi kabla maji hayajatoka.